Ampli inayobadilika yenyewe: gitaa la Katanga na umeme wetu tangu 1952

Na mwandishi wetu, Kolwezi

Wapiga gitaa wa mji wetu wana lalamiko linalojirudia, uwe Manika, Dilala, Kapata au Luilu: ampli inabadilika yenyewe. Jumamosi jioni mazoezi yamekwisha, sauti ni safi, kila mtu ameridhika. Jumapili asubuhi ampli ni ileile, gitaa ni lilelile, kebo ni ileile, lakini inatoka sauti ya kukwaruza kama ya muziki wa roki, au sauti ndogo isiyofika hata benchi la pili. Wengine wanasema ni pepo. Wengine wanaita fundi, na fundi anafungua skrubu, anatazama bodi yenye vipande vidogo kama punje za mchele, anashika chuma cha kuchomelea. Hapo ndipo hasara inapoanza, maana mara nyingi hakuna kitu kilichoungua ndani ya ampli ile.

Makala hii ni ya historia, lakini nimeiandika kwa ajili ya vijana hao na mafundi hao. Kitabu cha maelekezo peke yake hakitawatosha, kwa sababu kiliandikwa kwa mtu anayekaa Tokyo au Los Angeles. Hakijui gitaa letu linapigwa namna gani, wala hakijui umeme wetu ulitoka wapi. Mambo hayo mawili yana umri karibu sawa, na yamekutana ndani ya sanduku moja.

Tuanze na gitaa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka nchi za Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alifika Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, kama kilomita 180 kutoka hapa. Huko alimrekodi kijana wa Kiyeke aliyezaliwa 1930, Mwenda Jean-Bosco, ambaye wazee wanamjua zaidi kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Wimbo wake "Masanga" ulipata tuzo ya Osborn mwaka huohuo, ukatolewa kwenye santuri za Gallotone, ukasikika hadi Nairobi na mbali zaidi. Baadaye Mwenda mwenyewe alikwenda kukaa Nairobi, akapiga redioni, akatangaza dawa ya Aspro. Ndugu yake Edouard Masengo naye alifika huko, yeye akatangaza Coca-Cola. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport, Marekani. Sifa hiyo yote aliipata kwa gitaa kavu, yaani gitaa la mbao lisilofungwa kwenye waya wowote.

Sasa angalieni mkono wake. Mtaalamu David Rycroft alichapisha uchambuzi wa gitaa la Mwenda mwaka 1961 na 1962, na ilimlazimu kuandika kurasa nyingi kueleza kazi iliyofanywa na vidole viwili tu, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba linashika besi, cha shahada kinaimba juu. Katikati kuna noti ndogo zinazoguswa kidogo tu, nyingine hazisikiki mpaka utege sikio, na hizo ndizo zinazoufanya mdundo utembee. Ukiziondoa, wimbo unabaki, lakini unachechemea.

Mipangilio yote ya sauti ilikuwa ndani ya mkono huo. Mpigaji akitaka sauti nyembamba anasogeza vidole karibu na daraja la gitaa, akitaka nene anarudi kwenye tundu. Akitaka kupandisha ufunguo anafunga penseli kwa kamba au mpira juu ya nyuzi shingoni, jambo lililokuwa la kawaida kwa wapiga gitaa wa Afrika ya Kati na Mashariki. John Low, mpiga gitaa aliyekuja Shaba kuwatafuta Mwenda, Losta Abelo na wenzao, na kuchapisha safari yake mwaka 1982 katika kitabu "Shaba Diary", alikuja kutafuta vidole. Vyombo angeweza kununua popote.

Mwaka huohuo wa 1952, Union Minière iliwasha mitambo ya umeme ya Nzilo, juu ya mto Lualaba, si mbali na mji wetu. Mwadingusha ilikuwa imetangulia mwaka 1930, na Nseke ikafuata mwaka 1956. Mabwawa haya hayakujengwa kwa ajili ya taa za nyumbani, achilia mbali magitaa. Yalijengwa kwa ajili ya shaba na kobalti. Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi ya kampuni hiyo. Mashine za mgodi ndizo zilizowekwa kichwani mwa meza, na nyumba zetu zikakaa mwishoni.

Baadaye ukaja mstari wa Inga–Shaba, kilomita zipatazo 1,700, uliokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wasomaji wengi wameziona nguzo zake lakini hawajui mstari wenyewe unaishia hapa Kolwezi, kwenye kituo kinachogeuza umeme wa mkondo mmoja kuwa umeme wa kawaida. Ulipita juu ya vijiji vingi bila kuvipa hata balbu moja, maana nia ilikuwa kulisha migodi. Natoa habari hii kwa sababu mtu akiuliza kwa nini taa za mtaani zinafifia jioni katika mji ambao mstari mkubwa namna hiyo unafikia, jibu lake la kwanza ni la kihistoria.

Kule Léopoldville mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1953 Mbelgiji Bill Alexandre alifika na gitaa la umeme, akafanya kazi na studio ya CEFA, na vijana wa mji ule wakalishika haraka. Katika miaka michache okestra zikawa na solo, na besi, na spika. Huku Katanga gitaa kavu liliendelea kuwa na heshima yake kwa muda mrefu, ingawa Mwenda mwenyewe baadaye alikuwa na bendi ya dansi yenye magitaa ya umeme huko Lubumbashi. Kwa maoni yangu, kuchelewa huko kulitusaidia. Mkono mwepesi wa Katanga ulipata miaka ya kukomaa kabla haujakutana na spika.

Ampli za zamani, za valvu na baadaye za transista, zilikuwa na tabia moja nzuri, nayo ni kwamba hazikuwa na siri. Chukua Roland Jazz Chorus iliyotoka mwaka 1975. Kitufe cha besi kikiwa kwenye 5, umeme wenyewe unapita ndani ya kitufe hicho, na sauti iko kwenye 5. Izime, ikae mwaka mzima stoo, iwashe tena: iko kwenye 5. Fundi alifundishwa hivyo. Kama vitufe havijaguswa na sauti imebadilika, basi kuna kitu kimekufa ndani. Alikuwa sahihi.

Ampli za dijitali zilivunja kanuni hiyo. Mwaka 1995 Roland ilitoa VG-8, chombo kilichoiga magitaa na ampli kwa hesabu. Mwaka 1996 Line 6 ikatoa ampli ya AxSys 212 na mwaka 1998 kile kisanduku cha POD. Fender ikaja na Mustang mwaka 2010, Boss ikaja na Katana mwaka 2016, na bei zikashuka hadi kwaya ya mtaa ikaweza kuchanga. Vyombo vya namna hii vinatufikia kupitia Kasumbalesa, vikitoka bandari za Durban na Dar es Salaam. Vingine ni vipya, vingine vimeshakaa miaka nyumbani kwa mtu fulani ambaye hatutamjua kamwe.

Ndani ya chombo hicho kuna kompyuta. Kitufe hakibebi tena sauti. Ni mjumbe anayepeleka habari kwa kompyuta, na kompyuta ina kumbukumbu yake. Ukichagua chaneli iliyohifadhiwa, kumbukumbu ndiyo inayotawala. Kitufe kinaweza kuonyesha 3 wakati kumbukumbu inasema 8. Halafu unakigusa kidogo tu, kompyuta inakumbuka kwamba kitufe kipo, na sauti inaruka. Hilo ndilo pepo la kwanza, na wala si ugonjwa. Katika aina nyingi kuna kitufe cha kurudisha ampli ifuate vitufe vyake kama ilivyokuwa zamani, na kijana anayeanza angekaa hapohapo miezi ya kwanza.

Pepo la pili linatokana na kutohifadhi. Mmepanga sauti Jumamosi kwa saa nzima, mkazima, mkaenda. Katika aina nyingi, kilichobadilishwa bila kuhifadhiwa kinapotea mara umeme unapozimwa au chaneli inapobadilishwa. Kuhifadhi mara nyingi ni kubonyeza kitufe cha chaneli na kukishikilia sekunde chache mpaka taa ipepese. Kukigusa tu ni kuchagua. Watu wanagusa, wanafikiri wamehifadhi.

Kuna lingine linalonichekesha kila nikilifikiria. Ulaya waliweka sheria za kupunguza umeme unaopotea bure, na vyombo vingi vya muziki vikaanza kutengenezwa vijizime vyenyewe kama havijapigwa kwa muda. Sisi ambao umeme ukiwepo tunaukimbilia, tumeletewa chombo kinachojizima ili kuuokoa! Mkesha wa usiku mzima una mahubiri, ushuhuda na maombi. Mpiga gitaa anakaa muda mrefu bila kugusa waya. Anaitwa kwenye wimbo wa mwisho na kukuta ampli imelala, na mipangilio ambayo haikuhifadhiwa imekwenda nayo. Kama ampli yako ina tabia hiyo, humo ndani kuna mahali pa kuizuia. Tafuta neno linalohusu kuzima kwenyewe, liondoe, uhifadhi.

Mengine nitayapita haraka. Simu iliyounganishwa kwa Bluetooth au kwa waya inaweza kubadilisha mipangilio, hasa kama kijana mwingine wa kwaya ana programu ya ampli hiyo na anaichezea akiwa benchi la nyuma. Plagi ya spika za masikioni ikiachwa kwenye tundu lake, spika kubwa inanyamaza. Swichi ya nguvu, ile inayopunguza ampli kutoka wati 50 hadi chini ya wati moja kwa ajili ya mazoezi ya chumbani, huguswa wakati wa kubeba na kuwafanya watu waamini spika imekufa. Ampli iliyonunuliwa ikiwa imetumika nayo inakuja na sauti za bwana wa kwanza. Kabla ya kuihukumu, irudishe kwenye hali ya kiwandani, ila andika kwanza kwenye karatasi kile unachotaka kubaki nacho, maana kazi hiyo inafuta yote. Programu ya ndani ikibadilishwa na mpya pia inaweza kufuta.

Turudi kwenye umeme, maana hapo hesabu inakuwa ya kwetu hasa. Nchini mwetu umeme wa nyumbani unatakiwa kuwa volti 220. Mwishoni mwa waya mrefu na mwembamba unaohudumia nyumba nyingi, saa ambazo kila mama anawasha jiko la umeme, volti zinashuka. Ampli ya zamani ya transista ingepunguza nguvu tu, ikaendelea kuimba kwa unyonge. Kompyuta haina unyonge. Inafanya kazi au inaanza upya. Volti zikishuka chini ya kiwango chake hata kwa kitambo kidogo, inajiwasha tena, na inaporudi inarudi kwenye kilichohifadhiwa. Kwenye masikio ya kanisa inasikika kwamba ampli imebadilika yenyewe katikati ya wimbo. Na umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika kumbukumbu, kumbukumbu hiyo inaweza kuharibika, sauti zikatoka ambazo hakuna mtu aliyezipanga. Jenereta ndogo, yale tunayoita magrupu, nayo yanaweza kuleta shida ileile pale mzigo unapopanda na kushuka ghafla.

Kwa hiyo kabla ya bisibisi, ashike mita. Apime volti kwenye soketi ileile, saa ileile ya ibada, huku taa na spika zote zikiwa zinafanya kazi. Akikuta 215, umeme hauna kosa, atafute kwenye kumbukumbu. Akikuta 160, hata ampli mpya kutoka dukani itafanya ukaidi uleule. Dawa ni stabilizateri inayofaa mzigo huo, au betri na inveta nzuri kwa ajili ya ampli na kibodi peke yake. Asome pia kibandiko cha nyuma: ampli iliyotoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120, ya Japani 100. Ikiwa kibandiko kinasema 100 hadi 240, inavumilia mengi. Kama sivyo, haiwekwi kwenye soketi yetu bila transfoma.

Sasa niseme jambo lililonifanya niandike. Nyumba na makanisa mengi hayana waya wa ardhi unaofanya kazi. Bila ardhi, gitaa la umeme linanguruma hata kama hakuna anayelipiga. Ampli za dijitali zina kifaa cha ndani cha kuzuia kelele, ambacho ni kama geti: sauti ndogo kuliko kiwango fulani inafungiwa nje, kubwa inapita. Kiwandani huwa limewekwa kidogo tu, au kwenye zile sauti za mkwaruzo mkali. Kijana wa Kolwezi anasikia mngurumo, anapandisha geti. Bado unanguruma, anapandisha tena. Mwishowe kimya kinapatikana, baba mchungaji anafurahi, na mipangilio inahifadhiwa.

Geti halijui tofauti kati ya mngurumo na noti ndogo. Zile noti za katikati ambazo gumba na shahada huzigusa tu, zile zilizompa Rycroft kazi ya kurasa nyingi, zinafungiwa nje pamoja na kelele. Mkia wa kila noti unakatwa kama kwa mkasi. Kijana anapiga mtindo aliofundishwa na mjomba wake, anasikia mashimo, anaambiwa mkono wake ni mbaya. Anaanza kupiga kwa nguvu ili kila noti ipite getini. Miezi sita baadaye mkono wake umekuwa mzito, anapiga noti chache na kubwa, na anaamini ndivyo gitaa la umeme linavyotakiwa.

Mimi naliona hili kuwa zito kuliko ampli iliyoungua. Ampli inanunuliwa tena. Mwenda alifariki katika ajali ya barabarani nchini Zambia mwaka 1990, na wazee waliojifunza kwa kumtazama wanapungua. Kilichobaki kipo kwenye rekodi na kwenye vidole vya watu wachache waliotawanyika kati ya Lubumbashi, Likasi na hapa. Vidole hivyo vikifundishwa upya na geti la kelele, hakuna atakayejua siku vilipobadilika.

Jaribio lake ni rahisi. Chagua sauti safi isiyo na mkwaruzo. Kama ni gitaa la mbao lenye kipokeasauti, chagua ile iliyoandikwa kwa ajili ya gitaa kavu, maana nyingine zinaiga spika ya gitaa la umeme, na hiyo hukata sauti za juu. Ondoa athari zote. Shusha geti mpaka sifuri. Piga polepole kwa gumba na shahada, ukishusha nguvu kidogo kidogo mpaka noti iwe kama mnong'ono. Zikisikika zote, hifadhi hapohapo, andika namba kwenye karatasi na uibandike nyuma ya ampli kwa ajili ya mwenzako.

Mngurumo ukirudi, usikimbilie geti. Sogea mbali na taa za neoni na chaja za simu, badilisha kebo, simama upande mwingine wa ukumbi. Wala usivunje pini ya ardhi kwenye plagi kama wengine wanavyofanya ili kupata kimya, kwa sababu nyuzi za gitaa mkononi na maikrofoni mdomoni zinaweza kuupitisha umeme mwilini mwako, na hiyo imeua wanamuziki sehemu nyingi duniani. Kama ukumbi hauna ardhi, aitwe fundi umeme wa majumba, achimbie fimbo ya ardhi, aipime, aiunge kwenye soketi. Fundi wa ampli hapo hana kazi.